Kioo cha Korido

Kiliteremshwa Jumatatu kutoka kwenye Kanta ya mchanga,
kimefungwa blanketi la bweni kama mgonjwa,
kirefu kumzidi Mwalimu Kileo mwenyewe
aliyekilipia, tulisikia baadaye, kwa fedha ya kuku wake.
Shule nzima hatukuwa na kioo
ila vile vya kuficha kwenye sabuni, ukubwa wa biskuti:
unaona jicho, kisha pua, kisha jicho la pili,
uso wako unaujumlisha kichwani kama hesabu.

Akaandika juu yake kwa rangi nyekundu,
mkono ukitetemeka kidogo kwenye R:
WEWE NI MZURI.
Alimaanisha. Hilo nalisema mapema
nisije nikaonekana namcheka.

Ilikuwa Wiki ya Kujipenda.
Kidato cha Pili B, wasichana arobaini na sita,
kila mmoja alipewa kipande cha karatasi:
andika kiungo kimoja unachokipenda, usiweke jina.
Kalamu zikasimama.
Mpaka saa nne ya asubuhi ile
nilikuwa na miguu ya kwendea bombani,
mikono ya kufulia, mgongo wa kumbebea mdogo wangu likizo.
Sikujua kwamba vinapigiwa kura.

Nakijwa aliandika MAGOTI.
Jina hakuweka, lakini nani asiyeijua ile G yake
yenye mkia hadi mstari wa tatu?
Mwalimu aliinua karatasi tuione: "Magoti! Vizuri sana, magoti!"
na macho ya darasa zima yakashuka chini ya dawati moja.
Kufikia Ijumaa, Nakijwa, mfungaji wetu wa netiboli,
alikuwa anavaa soksi za kuvuta mpaka mapajani
kwenye jua la Februari, jua la Moshi,
lile linalolainisha lami.

Akaja mgeni, dada mmoja kutoka Arusha,
sauti nzuri, viatu vizuri, akatuelekeza dirishani:
"Mlima ule, je, uliwahi kuomba radhi kwa ukubwa wake?"
Mawingu, bila shaka, yalikuwa yameufunika.
Na Haikaeli, nyuma, bila kunyoosha mkono:
"Ule nao wanaupima, dada.
Kila wakiupima wanasema theluji imepungua."
Tulicheka mpaka kengele. Mgeni naye alicheka,
akaandika kitu kwenye daftari lake.

Mbele ya kioo foleni ilianza kabla ya uji.
Siku za kwanza tulitazama meno.
Wiki ya pili tukawa tunajitazama kwa upande,
tumebana pumzi,
chini ya maneno yale mekundu
ambayo mimi, niliyerefuka mapema,
yalinikata paji la uso.
Elinipa akaacha kande. Anafunga, alisema.
Kwaresima ilikuwa bado.

Mwalimu aliona. Hakuitisha mkutano.
Jumamosi moja alikibeba yeye na mlinzi, kimyakimya,
hadi jikoni, ambako Mama Ndetaramo
alikitundika mbele ya sufuria
aone nani nyuma yake anadokoa ukoko.
Mvuke uliyafuta maneno, herufi moja moja.
M ilikawia.

Likizo ya Juni mama alinipeleka Mbuyuni,
kwa fundi Bi. Mwanaidi, sketi iongezwe.
Nikabana pumzi.
"Pumua," akasema, pini mdomoni,
"nikikupima umejificha nitamshonea mtu mwingine."
Akapitisha tepu. Namba hakuitaja,
aliiandika kwa chaki upande wa ndani wa kitambaa.
"Ikikubana, irudishe. Kosa litakuwa langu."
Basi. Akaita: "Anayefuata!"

Sisemi nilipona. Hadi leo
kwenye picha nasimama kwa upande.

Juzi nimemkuta Mwalimu Kileo, amestaafu,
ananunua pumba za kuku, mfuko begani.
Alinishika mkono, akanitazama usoni, usoni tu,
na kabla hata ya habari za watoto
akauliza: "Nakijwa,
bado anavaa zile soksi?"