Bahari ya Uyole

Wiki ya sita, Ambakisye anapima maji tu.
Chumvi ya pakiti, ndoo mbili, mwiko wa ugali
(mkewe bado anautafuta).

Jiwe la tumbawe lilishuka na basi
ndani ya gazeti lililolowa.
Usiku likatema konokono,
mgeni asiyealikwa.

“Unafuga maji?” jirani kauliza.

Juni. Umeme ukikatika
anavua koti, analivisha tangi,
anabaki na fulana, tochi mdomoni,
akisoma nyuzi: ishirini na nne,
tatu,
tatu.

Leo kaingia mmoja, urefu wa kidole,
rangi ya karoti za Mwanjelwa.
Kazunguka jiwe mara moja, kajificha.

Mama mkwe, ambaye pwani hajafika,
kachovya kidole, karamba,
kakunja uso:
“Kumbe hawakunidanganya.”