Elfu Nne na Mia Tano

Gari la Bi Nafuna lilikuja likitembea vizuri.
Ndiyo taabu yake.
Liliingia langoni, Barabara ya Kirinyaga,
jeusi, limeoshwa, kompresa ubavuni mwa injini,
na mwenyewe akashuka, akasema:
"Linapanda vyema hadi elfu nne na mia tano.
Hapo linakata tamaa."

Nikaandika kitabuni hivyo hivyo: linakata tamaa.
Sikupata neno la kifundi la kulizidi.

Nililisikiliza likiwa limesimama. Halikuwa na neno.
Nikachomeka kompyuta, ikasema hakuna kosa,
kama mtoto aliyeulizwa nani kala sukari.

Nikaanza na ninachokijua.
Belti: nikaipitisha kidole gumba, nikitafuta mng'ao wa kuteleza,
maana belti ikiteleza kompresa huzunguka kivivu
na pumzi haijai kifuani.
Haikuwa na mng'ao. Nikaibadilisha hata hivyo.
Plagi nne, mwanya nikaubana
ukawa mwembamba kama ukucha wa mtoto mchanga,
kwa kuwa upepo mwingi huzima cheche.
Filta ya petroli. Kisha pampu,
elfu kumi na moja, kwa Mwangemi wa ng'ambo ya pili,
asiyemkopesha hata ndugu yake.

Kila jioni barabara ya Thika, nakanyaga,
mshale unapanda, tatu, nne,
na kabla haujaigusa tano
kiti kinaacha kunisukuma mgongo.

Tukalaumu ekzosi. Tukalaumu petroli.
Tukaulaumu na mji wenyewe, ulioketi juu mno,
hewa yake nyepesi kama chai ya kibandani mwisho wa mwezi.
Lakini kompresa si iliundwa kwa ajili hiyo,
kuikusanya hewa haba na kuishindilia ndani?

Siku ya tisa Nyevu, mwanagenzi wangu,
ambaye kazi yake bado ni kuosha spana,
akauliza: "Umeliona likiumwa?"
Nikamjibu naliona kila siku.
"Hapana. Unaliona likiwa limelala."

Akaifunga simu yake kwa waya chini ya boneti,
taa imewaka, jicho limeikodolea injini,
na Jumapili saa kumi na moja alfajiri
tukaenda Baipasi ya Kusini, ukungu wa msitu
ukivuka lami kama ng'ombe wasio na mchungaji.
Nikakanyaga.

Tuliitazama tukiwa tumeegesha, vichwa vimegusana.
Mpira wa kuvutia hewa, ule mweusi, mnene,
niliokuwa nimeupangusa vumbi mara nne
na kuusifu kwa uzima wake:
elfu tatu, umetulia.
Elfu nne, ubavu unatetemeka.
Kisha unanywea. Unabonyea
kama shavu la mtu anayefyonza mfupa,
kuta zake zinabusiana, njia imefungwa,
na kompresa inavuta, inavuta, haipati.
Nilipoachia pedali ukajaa tena,
mzima, kama hapakutokea kitu.

Oili ilikuwa imeulainisha, miaka na miaka.
Ulijiziba pale tu ulipohitajiwa sana.

Sikusema. Nyevu hakutaka sifa,
alitaka simu yake; ilikuwa imechemka.

Mpira mpya: elfu moja mia nane.
Bi Nafuna alinikuta na kitabu cha risiti mezani.
Belti. Plagi. Filta. Pampu.
Vyote vipya, vyote vizuri,
na katika vile nilivyovitoa hakuna hata kimoja kilichokuwa kikiugua.
Nikaandika: mpira. Kalamu ikasimama.

Nje Nyevu alikuwa akilipasha gari moto,
mlio ukipanda, ukifika pale,
ukipita,
na mwenye gari akageuka kuusikiliza
kabla hajaniuliza bei.