Hodi ya Tatu

Diski ilikuja imefungwa kwa leso,
leso ya kisutu, mafundo mawili,
na Bi. Mwanaamani akaiweka mezani
kama anayeweka yai.
"Humu mna mamangu," akasema, "anacheka.
Sekunde nane tu, hapo keki inapoanguka.
Arusi iliyobaki siitaki."

Ghorofa ya pili, Bondeni, saa nane mchana.
Feni inazungusha joto lile lile.
Naichomeka diski mashine ikiwa macho,
maana seva ya Shekuwe haizimwi:
ina arusi arobaini tumboni zinangoja kukatwa.
Taa ya kijani. Kisha kimya.
Kifaa hakipo.
Nachomoa. Narudisha. Kifaa kipo!
Nachomoa tena, nijihakikishie, Mola anisamehe.
Kifaa hakipo.

Shekuwe, kutoka dirishani:
"Imekufa hiyo, Dzombo. Mwambie mama wa watu."
Lakini kilichokufa hakifufuki mara tatu kati ya saba.
Nilihesabu. Nilipiga vijiti nyuma ya risiti.

Nikafungua daftari la mashine,
lile inaloliandika yenyewe bila kuulizwa.
Sekunde ya arobaini na moja: dereva amefika.
(Dereva wa huku hashiki usukani;
ni kijiprogramu kinachojua lugha ya diski,
kinatumwa mlangoni kila kipya kinapochomekwa.)
Nusu sekunde baadaye: ameuliza. Ameuliza. Ameuliza.
Ya arobaini na mbili: hakuna mtu. Ameondoka.
Ya arobaini na nne: diski imeamka.

Nikacheka peke yangu, kisha nikaacha.

Shangazi Nyevu, kule Likoni, ana magoti mabovu.
Ukibisha, hodi ya kwanza anaisikia.
Ya pili anatafuta fimbo.
Ya tatu amesimama, mkono ukutani,
na hapigi kelele kutoka ndani, kwake ni aibu,
karibu yake huisema uso kwa uso.
Wenye adabu zao, hodi tatu zimetimia, wameshakwenda.
Anafungua, anaukaribisha ua mtupu.
Hakuna aliyekosea. Ndipo penye uchungu.

Mara ya kwanza nilitibu kivivu:
nikamwamuru dereva alale sekunde tatu kabla ya kubisha.
Ikashika. Nikajisifu, nikaagiza chai.
Kisha nikajaribu diski kongwe ya arusi ya Changamwe,
iliyokwisha kuonja hewa ya chumvi miaka kumi na mmoja;
ikaamka kwenye ya sita.
Sekunde tatu ni kukisia,
na kukisia ni kubisha vile vile, ila kwa kuchelewa.
Nikampa kumi. Seva nzima ikawa inasinzia
hata mbele ya diski changa zilizokwisha kuitika.

Basi nikaandika upya, mistari tisa,
jasho likidondokea kibodi:
Dereva, usihesabu. Kaa kizingitini.
Diski mwenyewe akisema niko tayari, hapo uingie.
Na asiposema hadi nusu dakika ipite,
ndipo uje uniambie hakuna mtu.

Nilichomoa, nikarudisha, mara ishirini.
Ishirini zote.

Keki ikaanguka.
Picha ilitangulia, sauti ikafuata nyuma kidogo,
kwa hiyo yule mama alifungua kinywa, akatikisika mabega,
na sisi watatu tukangoja kicheko kifike.
Bi. Mwanaamani hakuniambia nirekebishe.

Shekuwe, kalamu mkononi, akauliza aandike nini,
kosa lilikuwa la nani.
Nikamwambia andika: kusubiri, shilingi mia tano.

Ijumaa nitavuka kwenda Likoni. Nitabisha mara tatu,
halafu nitakaa pale pale nje,
nivue viatu.