Misumari Iko Wapi?

Mkaguzi wa vyombo alikuja na tochi na daftari,
akainama ubavuni, akagonga ubao kwa kucha:
"Misumari iko wapi?"
Fundi Vuai akanionyesha kwa kidevu.
"Muulize yule."

Miezi saba makumbi yamelala topeni, Gando,
tumeyakandamiza kwa mawe yasichukuliwe na maji.
Tuliyafukua yananuka, paka wa nyumbani akahama.
Tukayatwanga, tukatoa usumba,
tukasokota juu ya paja, pima kwa pima;
paja langu la kulia hadi leo halioti malaika.

Wete nzima hakuna aliyewahi kuuona mtepe.
Vuai alifuata mchoro na kikaratasi cha vipimo;
palipofutika aliuliza mkono wake.
"Wa kuigiza tu huo," wakasema bandarini.
Sawa.
Lakini unavuja maji ya kweli,
na anayeyafua kwa kopo ni mpwa wangu Salha.

Jumamosi hupanda wanafunzi wa kidato cha pili,
maboya ya rangi ya chungwa shingoni,
wanahesabu mishono, mwalimu anaiita hisabati.
Bwana harusi wa Chake alikodi nusu saa
apigwe picha chini ya gubeti.
Bibi harusi aliogopa, akabaki gatini na viatu mkononi.
Wageni wakija, mashine tunaifunika jamvi.

Halafu wakaja watu wa filamu.
Walitaka vijana kumi wa Mtemani,
elfu ishirini kila mmoja,
wakae ngamani wamefungwa mikono.
Kamba wameiona, wakaisifu: inaonekana ya kale.
Nikasema, hii niliisokota ishike mbao.

Pesa ya tanga jipya ikarudi Unguja na boti ya saa moja.
Vuai hakunisemesha siku tatu.
Siku ya nne alileta samaki, akauacha mlangoni,
hakubisha hodi.

Mwaka umepita, mishono imelegea.
Tunafumua, tunashona upya.
Salha kaketi mkabala nami, analalamika mikono,
paja lake bado lina malaika.

Mkaguzi karudi na daftari lilelile.
Penye misumari, mwaka jana, alichora kistari.
Leo hakugonga ubao.
Aliuliza tu pima moja ninauza kiasi gani,
anataka ya kufungia mbuzi.