Adui Namba Tisa

Ofisi yetu iko Al-Khuwair, juu ya duka la miwani,
na kazi yangu ni kuwavisha maiti ngozi.
Huyu wa sasa anaitwa drauga. Katoka kwenye theluji huko,
mfu aliyekataa kufa: huvimba kaburini
akawa mzito kama ng'ombe wa kuchinjwa,
rangi yake buluu ya wino uliomwagika,
na mali yake kailalia. Akija mwizi, huinuka.

Nje joto nyuzi arobaini na sita.
Ndani nimejifunga shali,
natia barafu kwenye ndevu za mtu.

Shijo wa Kerala, fundi wa sauti,
aliniuliza: kwenu wapo hawa?
Kwetu kupi? Kwetu ni kuwili.
Unguja, alikozaliwa baba, kuna msukule:
mtu mnamzika, mnamsomea, ubwabwa wa hitima mnakula,
kumbe mlichozika ni gogo la mgomba,
mwenyewe analima usiku shamba la mchawi.
Na Bahla, kwao mama, wanasema yuko aliyefichwa,
unamkuta sokoni anachagua tende,
unamwita jina lake, hageuki.
Wote hao wameibwa.
Drauga hakuibwa na mtu.
"Basi huyu bahili tu," akasema Shijo,
tukacheka, akaenda kurekodi mfupa wa mbuzi ukivunjwa.

Niliporudi mezani nikaona nimempa mikono ya baba.

Wallahi sikukusudia. Kidole gumba kile kile,
kilichobanwa na mlango wa gari Matrah, kikaota ukucha wa pembeni.
Mshipa ule ule, mnene, kama uzi wa kushonea viatu.
Mikono hiyo ilikuwa na sanduku la bati chini ya kitanda.
Ndani, ufunguo wa nyumba ya Vuga
ambayo si yetu tangu sitini na nne,
stakabadhi, na picha ya arusi
iliyokatwa mtu mmoja kwa mkasi.
Hayo nimeyajua kwa kuchungulia, nina miaka saba.
Aliamka. Hakunipiga.
Aliniangalia tu kama hanijui.

Tulimzika Al-Amerat, mwezi wa Rajabu, kabla ya adhuhuri.
Bafta, mchanga, mawe mawili, bila jina.
Hakwenda na kitu.

Siku ya majaribio nilimuua mara thelathini na moja.
Kwa shoka, kwa moto, mara moja kwa kumwangushia paa.
Sheria ya gemu: akianguka mara tatu, ainuke ya nne.
"Adui asiyeinuka hauzi," kasema Bi Rayyana,
na kuuza ndiyo mishahara yetu, sikumbishia.
Akataka na maandishi kwenye jiwe la kaburi,
herufi zao zile, kama kuku kaparura.
"Andika lolote," akasema, "nani atasoma?"
Nikaandika Kiswahili, nikakivisha herufi zao:

*Ulichokuja kutwaa, kirudishe mahalipo,*
*Simama uache njaa, mikono iwe ilipo,*
*Hatoinuka shujaa, atarudi alalapo,*
*Mwenye mali akilala, mgeni naye apoe.*

Kisha, saa nane usiku, ofisi tupu,
nikaongeza mistari kumi na miwili ya msimbo.
Mchezaji akiirudisha dhahabu,
akasimama bila silaha kwa kiasi cha pumzi ishirini,
drauga atakaa kitako, atajifuta uso, atalala.
Hakuna atakayeligundua hilo.
Nani huingia pangoni akarudisha?

Sanduku liko kwangu sasa, chini ya kitanda changu.
Kaka yangu Mundhir kauliza mara mbili kwa simu.
Nimemwambia bado natafuta ufunguo wake.
Usiku kiyoyozi kikipoza chumba, bati linanywea,
linalia tik.
Nami najikuta nimekwisha kukaa, macho wazi,
nimeshika godoro kwa mikono yote miwili.