Mama Yake Nani?

Chati niliikuta ukutani, nikaiacha ukutani.
Wanaume kumi na wawili, ndevu kama povu la sabuni,
na chini ya kila mmoja, kwa wino uliofifia:
Baba wa Kemia. Baba wa Fizikia.
Baba wa hiki, baba wa kile.
Miaka minne nimeifuta vumbi kila Ijumaa
bila kuisoma.

Kidato cha Pili B, Uvinza, kipindi cha baada ya chai,
Skolastika Nyandwi akanyoosha mkono
(huyu ni wa saba kwao, kazoea kugombea nafasi ya kusema):
"Mwalimu, mababa wote hao,
sayansi yenyewe mama yake nani?"

Darasa likaangua kicheko. Nikacheka nami,
kicheko cha mtu aliyeguswa jipu.
Nikasema, tutaangalia wiki ijayo.
Mwalimu akisema wiki ijayo, mjue kakwama.

Usiku treni ya Kigoma ikapita ikitetemesha sufuria,
nami kwenye taa ya sola natafuta.
Nikamkuta wa Basra, karne kumi nyuma,
kajifungia gizani aone mwanga unapitaje.
Nikamkuta mama wa Kipolandi akikoroga madini yanayochemka
kwa fimbo ya chuma iliyokaribia kimo chake.
Nikamkuta wa China, aliyesoma kitabu cha kale kuhusu pakanga
akaacha kuchemsha, na leo
dawa ya malaria tunayomeza zahanati
ina jasho lake; sisi tunaijua kwa uchungu tu.
Hata wa hapa hapa nchini, mwanafunzi,
aliyeuliza kwa nini maziwa ya moto yanawahi kuganda,
darasa likamcheka.
Likamcheka.
Nikalifunga daftari.

Wiki ijayo ikafika kweli. Chati sikuichana,
hao nao walikoroga. Nikawaeleza, wakaandika.
Butoyi akauliza kama yatatoka kwenye mtihani.
Nikasema hapana. Kalamu tano zikalala.
Lakini Nyandwi: "Hao wote wako mbali, mwalimu.
Mama yangu anapika chumvi,
naye ana yai."

Jumamosi tukashuka kwenye majiko.
Moshi, magogo, macho yanawasha.
Mama Nyandwi hakutupokea kwa hotuba.
Akachota maji ya kisimani, akatumbukiza yai la kuku.
Likazama.
"Bado. Ukiyapika haya unaunguza kuni bure."
Akachota ya pipa lililokaa juani siku tisa.
Yai likaelea, kipara nje.
"Kikifika upana wa shilingi, ndipo nawasha moto."
Nani alikufundisha?
"Shangazi. Ila yeye alitumia kiazi.
Yai nimeongeza mimi."

Yai nimeongeza mimi. Alisema akipangusa kamasi za moshi,
hajui kwamba mwalimu wa fizikia
miaka minne kaandika MSONGAMANO ubaoni
kwa herufi kubwa, akaupigia mstari mara mbili,
na hajawahi kumwona mtu anayekula kwa huo.

Nikamwambia: mama, wewe ni mwanasayansi.
"Cheo hicho kina mshahara?"
Hakina, mama.
"Basi shika huo mwiko, saidia."

Nikakoroga. Mikono iliuma hadi Jumanne.

Tulipokuwa tunaaga, Butoyi,
yule wa kalamu iliyolala, akachuchumaa kando ya pipa:
"Na yai likiwa viza?"

Kimya. Viza huelea hata kwenye maji ya mvua.
Mama Nyandwi akaweka mikono kiunoni,
akalitazama yai lake, akamtazama mtoto,
akaanza kuhesabu kwa sauti ndogo
mizigo ya kuni iliyompotea msimu uliopita.
"Wewe," akasema,
"Jumamosi ijayo uje mapema."