Mierebi Mitatu

Kituo chetu kinaitwa Tres Sauces, Mierebi Mitatu.
Usiitafute. Uliobaki ni mmoja,
na mtunza bustani wa manispaa anasema
huo nao si mwerebi.

Jukwaa ni fupi kuliko treni.
Mabehewa manne hupata sakafu, mawili ya nyuma huning'inia,
basi aliyekaa huko aanze safari ya miguu mapema,
samahani, samahani,
na mtoto, na mwavuli, na keki ya harusi ya watu.

Dirisha la tiketi hufunguliwa saa kumi na moja alfajiri,
hufungwa saa tano, jua likiwa bado halijavuka reli.
Ndani nimo mimi, Nélida Barrientos,
miaka ishirini na sita,
hita ya gesi miguuni, kibuyu cha chai chungu mkononi.
Watu nawajua kwa vidole.
Hivi vyenye unga ni vya Ezequiel, muuza mikate.
Hivi vinavyonuka dawa ni vya Rosaura wa hospitali;
asubuhi yetu ndiyo usiku wake.
Sisi tukipanda, yeye anashuka,
na pale ngazini huutakia mji mzima
lala salama.

Mwaka juzi wakaleta mashine ya kadi.
Hutoa shukrani kabla hujalipa.
Wazee huigusa kwa mgongo wa kiganja
kama kipaji cha mtoto mwenye homa,
kisha huja kwangu.

Ya saa kumi na mbili na dakika arobaini na mbili husimama.
Ya saa moja na dakika kumi na tatu haisimami.
Hiyo ndiyo ya haraka,
ya vitongoji vya mbele, vyenye nyua zilizonyolewa kwa mkasi.
Hupita ikitupokonya kofia.
Miaka yote hiyo nimeiona ubavu tu:
madirisha, nyuso, madirisha,
kamusi inayofunuliwa upesi
na mtu asiyetafuta neno.

Halafu Julai moja, baridi ya kung'ata meno,
umeme ukakatika,
nayo ikasimama. Hapa.
Ikaguna, ikanyamaza.
Tukatazamana, wao na sisi,
kama mashemeji waliokutana mlangoni mwa bafu.

Milango wakaifungua kwa mikono.
Akashuka mwanamke wa koti la rangi ya mchanga,
akausoma ubao wetu, silabi kwa silabi,
akasema: "Kumbe hapa pana jina."

Walikaa saa nzima na robo.
Ezequiel alifunua kikapu,
mikate ikaisha, akasahau kuhesabu.
Don Hipólito, ambaye hakuajiriwa na yeyote,
aliwapanga foleni ya choo,
akiwapokeza ufunguo uliofungwa kwenye mwiko wa mbao
ili usipotelee mfukoni mwa mtu.

Yule mwanamke akaja dirishani.
"Mierebi mingine iko wapi?"
Hakuna aliyewahi kuniuliza.
Nikamwambia: mmoja uliangushwa na dhoruba
juma nililoanza kazi.
Wa pili waliukata kuipisha mashine.
Akatikisa kichwa taratibu, kama aliyepewa habari za msiba.
"Nikatie tiketi."
"Ya kwenda wapi?"
"Ya kuja hapa."
Nikaiandika kwa kalamu. Safari ya namna hiyo
mashine haikufundishwa.

Umeme ukarudi bila kubisha hodi.
Wakapanda wakisukumana,
kila mtu akikumbuka ghafla kwamba amechelewa.

Kesho yake, saa moja na dakika kumi na tatu,
tulishika kofia zetu.
Sikuona uso hata mmoja.

Lakini ule mwiko haujarudi.
Choo tunakifungua kwa bisibisi hadi leo.
Mahali fulani huko mbele,
katika droo ya jiko, kati ya miko ya wenyewe,
umelala ufunguo
unaofungua mlango wetu.